Gramercy Park: bustani iliyookolewa na hati

Mgeni akipita Gramercy Park, bustani ya binafsi huko Manhattan, New York, hujaribu geti, likigoma huchungulia kwenye nondo za uzio na kwenda zake akiwalaani matajiri. Ana haki. Ila kilichoiacha bustani ile ya ekari 2 bila ghorofa hata moja ndani yake ni hati ya mwaka 1831.

Samuel Ruggles, mwendelezaji wa ardhi, alinunua shamba lenye kinamasi. Jina Gramercy limetokana na maneno ya Kidachi, "kisu kidogo kilichopinda", kwa sababu ya umbo la kijito cha hapo. Akakausha maji, akapima viwanja, kisha akatenga 42 katikati visijengwe. Hakuvigawa kwa majirani mmoja mmoja, maana mrithi mmoja tu akitaka kuuza fungu lake, bustani imekwisha. Alivikabidhi kwa wadhamini watano, wavishike kwa niaba ya wenye viwanja 60 vya kuzunguka. Haki ikafuata kiwanja, si mtu: ukiuza nyumba, umeuza na bustani. Pia aliishawishi halmashauri ya jiji isiitoze bustani kodi, akijenga hoja kwamba thamani ya nyumba za pembeni itapanda na kodi yake itafidia. Huo ndio ujanja wake mkubwa.

Uzio ulijengwa 1833, upandaji mkubwa ukafanyika 1844. Mwaka 1863, wakati wa ghasia za kupinga kuandikishwa jeshini, askari walipiga kambi humo ndani.

Funguo ndizo zinazoitekeleza hati hiyo hadi leo. Kila kiwanja hupata mbili. Jengo lenye fleti nyingi huziacha kwa bawabu, mkazi akazichukua na kuzirudisha. Kufuli hubadilishwa kila mwaka, hivyo ufunguo wa mwaka jana ni chuma tu, na funguo zenyewe ni za aina ambayo fundi wa mtaani hawezi kuchonga. Kutoka nako kunahitaji ufunguo: geti likijifunga nyuma yako na umeusahau nyumbani, utasubiri jirani.

Mwaka 2012 ada ya mwaka ya bustani ilikuwa dola 7,500 kwa kiwanja, na kupoteza ufunguo kuligharimu dola 1,000. Jengo lisilolipa lilinyang'anywa funguo, hata kama wapangaji wake walikuwa wamelipa kodi ya pango hadi senti ya mwisho.