Namna ninabadilisha tairi ya moto (pikipiki) mwenyewe kwa nyumba, hapa Goma

Hapa Goma tairi ya moto haidumu, mwenye anapita mitaa ya Majengo ao Ndosho kila siku anajua sababu. Mji umekaa juu ya lava ya volkano, ya zamani na ile ya 2002, barabara nyingi za ndani hazina lami, na lile jiwe jeusi likivunjika linabaki na ncha kama chupa. Miye ni motari, nabeba abiria na moto, kazi inaanza mapema kabla kwado (penye wanaziba tairi) hazijafungua, njo maana niliamua kujifunza kubadilisha tairi mwenyewe, na kusema kweli napenda ile kazi sana sasa.

Kwanza tairi yenyewe. Soma ubavuni: yangu ya nyuma ni 3.00-17, yaani upana inchi 3, janti (duara ya chuma yenye inabeba tairi) ya inchi 17, na usikubali muuzaji akuambie "itaingia tu ndugu yangu". Tafuta pia penye imeandikwa DOT, mwisho kuna tarakimu 4, mbili za wiki na mbili za mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye imekaa dukani miaka mingi mpira wake unakauka hata kama bado ina vile vinywele vyake. Nunua na shambrere mpya (mpira wa ndani wenye unashika hewa), ile ya zamani imeisha kutanuka, ndani ya tairi mpya itajikunja na pale penye imejikunja njo itapasukia.

Asubuhi niliweka tairi mpya kwenye jua, juu ya yale mawe meusi yanashika joto vizuri, ikakaa mpaka ikalainika. Watu wanadharau hii lakini inapunguza kazi sana.

Kabla ya kufungua chochote nilipiga picha na simu: alama za kukazia cheni pande zote mbili, na ule mkono wa chuma unashikilia sahani ya freni. Kisha nikafungua freni, ekru (nati) ya ekseli, gurudumu likatoka, nikalilaza juu ya tairi kuukuu ili mawe yasikwaruze. Hewa yote nje, kabisa.

Ukingo wa tairi ulikuwa umegandamana na janti, nikakanyaga na kisigino wapi. Jirani yetu mmoja, mzee aliyeendesha moto tangu zamani, akaniangalia akasema, "Mtoto yangu, utajichokesha bure, ngoja nilete ya kwangu." Akaleta moto yake, tukaweka kiguu chake cha pembeni juu ya ubavu wa tairi, akaiegemeza taratibu, uzito ukashuka na ukingo ukaachia. Aksanti sana mzee.

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana njo siri yote. Katikati ya janti kuna bonde, na ukingo wa tairi hautanuki kwa sababu ndani una waya wa chuma. Kwa hiyo upande unaoinua na demonte (chuma bapa cha kutolea tairi) utapata nafasi tu kama upande wa pili umeshuka ndani ya bonde, upige goti pale ubaki chini. Ukiona unatumia nguvu nyingi simama, ujue upande wa pili umepanda, na ukilazimisha utakata shambrere. Turnevisi (bisibisi) usiiguse kabisa, inatoboa. Kutoa unaanza karibu na valvu, kuingiza unamalizia kwenye valvu, kwa sababu pale shambrere inajaza bonde.

Kabla ya kurudisha nilipitisha kitambaa ndani ya janti, nikakagua ule utepe unaofunika vichwa vya reyo (spoku), nikaangalia mshale wa mzunguko ubavuni. Shambrere niliitia hewa kidogo tu ishike umbo lake, nikapaka maji ya sabuni kwenye ukingo, na pale mwisho nikasukuma valvu juu ndani ya tairi ili nihakikishe shambrere haijabanwa, ndipo demonte ya mwisho. Hewa unatia pole pole ukizungusha gurudumu, ule mstari mwembamba ubavuni uwe na umbali ule ule na janti pande zote. Ukiona mahali pamoja umezama, toa hewa, paka sabuni, tia tena.

Ekru ya valvu usiikaze mpaka chini ya janti, iache mbali kidogo, tairi ikiteleza utaona valvu imelala na utajua mapema kabla haijang'oka. Na ule mkono wa freni, tafadhali sana, ufunge na ukague mara mbili, bila huo ukikanyaga freni sahani yote inazunguka na abiria yuko nyuma yako.

Tairi kuukuu alichukua fundi wa chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo), anaikata kuvalisha magurudumu. Miye jioni nilizunguka polepole bila abiria, nikarudi nikakaza tena ekru ya ekseli na kupima hewa. Ya mbele nitabadilisha mwezi huu, hiyo ni nyepesi zaidi maana haina cheni, mwenye anaanza kujifunza aanze na hiyo.