Sikio la Kulia na Mbuzi wa Bibi

Mafua yalinianza Jumatano, na Ijumaa jioni nilikuwa na ndege ya kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Jumamosi tulikuwa tunakwenda Kibosho kupeleka mahari ya mdogo wangu. Baba alishatutangulia mbele ya haki, kwa hiyo kiti chake mbele ya wazee ilibidi nikikalie mimi, ubavuni mwa baba mkubwa. Kuahirisha hakukuwepo. Ukimwambia Mchaga wa Machame kwamba hukufika kwenye mahari ya mdogo wako kwa sababu ya mafua, atakuuliza kama mafua hayo yalikukata miguu.

Ilikuwa Julai 2018. Pale uwanjani Dar pua yangu ilikuwa imeziba kabisa, napumua kwa mdomo kama samaki wa Feri. Nikameza vidonge viwili vya mafua, vile vinavyoleta usingizi, nikapanda, nikafunga mkanda, na kabla ndege haijaacha ardhi nilikuwa nimeshalala. Nilijiona mjanja. Saa nzima na ushee ya safari ipite nikiwa nakoroma, niamke nikiwa nyumbani.

Niliamshwa na sikio la kulia. Kwanza nilidhani mtu kanichomeka kijiti. Nikageuka, hakuna mtu, ni dirisha tu na mawingu ya kijivu. Mlima wenyewe ulikuwa umejifunika, maana Julai huwa una haya. Ndege ilikuwa ya mapangaboi, na mngurumo wake, ambao Dar ulikuwa unanikera, sasa ulikuwa umefifia kama mashine ya kusaga ya kijiji cha pili. Tulikuwa tumeshaanza kushuka. Kila ndege ilipoinamisha pua, kile kijiti kilizidi kuzama. Halafu juu ya jicho, pale nyusi inapoanzia, pakaanza maumivu ya namna nyingine: ya kukandamiza, mazito, kama mtu ameweka dole gumba anasukuma bila kuchoka. Macho yakajaa machozi yenyewe.

Safu ya nyuma kulikuwa na mtoto mchanga anayelia kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa shamba. Mama wa makamo niliyekaa naye, amevaa kitenge, mfuko wa korosho miguuni, akageuka.

"Mnyonyeshe, mwanangu. Mnyonyeshe sasa hivi, akimeza masikio yataachia."

Yule binti akamweka mtoto kifuani, na haikupita dakika mbili kukawa kimya. Sijawahi kumwonea wivu mtoto mchanga kama siku ile.

"Na wewe baba, ulilala," mama akaniambia, kwa sauti ya kunishtaki. "Ndege ikianza kushuka hailaliwi. Meza mate. Piga miayo."

Nikajaribu kumeza, koo kavu kama gunzi. Nikafungua kinywa kupiga miayo ya uongo, hola. Akanipa bigijii, nikatafuna mpaka taya zikauma, sikio likabaki pale pale. Ndipo nikakumbuka lile jambo ambalo kila mtu analijua: ziba pua, funga mdomo, sukuma pumzi. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote, kama anayepuliza puto la mpira wa miguu. Sikio la kushoto likalia "pyuu" likafunguka. La kulia nikasikia mchomo mmoja mkali, kisha kizibo. Nilipopenga, leso ikaja na matone mawili matatu ya damu. Mama akaiona, akasema "Yesu wangu," akaanza kunipepea na kadi ya maelekezo ya usalama, ambayo nadhani ndiyo kazi pekee ya maana ambayo kadi ile imewahi kufanya.

Ndege ikatua. Mhudumu akatukaribisha Kilimanjaro; niliona midomo tu.

Mdogo wangu alikuwa ananisubiri nje na gari la kuazima. Sasa, gari zetu dereva anakaa kulia, na abiria wa mbele anakaa kushoto. Maana yake ni kwamba kwa kilometa zote arobaini hivi, kutoka KIA kupita Bomang'ombe mpaka Moshi mjini, yule bwana harusi mtarajiwa alinieleza mipango yote ya kesho kwenye sikio lililozibwa. Nani ataongea kwanza. Nini tukatae. Kipi tukubali tukibanwa. Nilimwambia mara moja kwamba sisikii vizuri, akasema "Ni uchovu tu, kaka," au kitu kama hicho, akaendelea. Nikawa naitikia "mm, mm" kila anaponyamaza.

Nyumbani shangazi alishaandaa tiba. Alikuwa na kijiko cha mafuta ya nazi yaliyopashwa moto pamoja na kitunguu saumu, na alitaka nilalie ubavu ayamimine sikioni. Shangazi yangu hakataliwi. Nilimwambia, "Shangazi, kwanza nijifukize, mafuta tutaweka kesho," na kwa kuwa nilimkubalia nusu, akanionea huruma. Nikajifukiza chini ya blanketi na sufuria la majani ya mkaratusi. Kile kidole juu ya jicho kikalegea, kamasi zikatoka za rangi ambazo sitazieleza hapa, nikalala nimeegemea mito mitatu. Sikio halikubadilika.

Asubuhi tukapanda Kibosho, magari mawili, manyunyu yanaanguka, barabara inapita katikati ya migomba na mibuni. Na hapo ndipo lilipotokea jambo lililonishangaza. Kadiri tulivyopanda, sikio lilipungua kuuma. Mtoto wa mlimani nimezoea kinyume chake: utotoni, tukiteremka kwa daladala kwenda mjini, masikio yanaziba, mnapiga miayo, yanazibuka, maisha yanaendelea. Sasa nilikuwa napanda na ninapata nafuu. Nikamwambia baba mkubwa, "Kibosho kuna dawa." Akacheka akidhani nawasifia wakwe.

Walitupokea vizuri. Tulipangwa kwenye mabenchi, sisi huku, wao kule, mbege ikazunguka kwenye kata. Mimi kwa bahati mbaya nilikalishwa upande wa kushoto wa baba mkubwa, msemaji wao akawa kuliani kabisa, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini, wa wale wanaoongea kana kwamba maneno yanalipiwa kodi. Nilichokuwa nasikia ni mimi mwenyewe. Nikimeza mbege, ninasikia maporomoko. Nikitafuna ndizi, kichwa kizima ni kinu. Na sauti yangu ilivuma ndani ya fuvu, nikadhani nafoka, nikaishusha. Mara tatu wazee waliniambia, "Kijana, paza sauti, huku hatukusikii." Mshenga wetu alikuwa ananitazama kwa jicho la kuuliza tumemleta huyu wa nini.

Nilifuatilia kwa macho. Niliposoma kwenye uso wa baba mkubwa kwamba anakunja ndita, nilikunja. Alipotabasamu, nilitabasamu. Blanketi la bibi nililisikia, kwa sababu walilionyesha kwa mikono. Mkaja wa mama niliusikia. Mbuzi niliwasikia wakitajwa, wangapi na wa nani sikujua. Kuna wakati yule mzee mwembamba alinielekea mimi, akasema jambo refu kidogo, akanyamaza. Benchi zote mbili zikanigeukia. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa heshima, kwa kukiinamisha chini kabisa.

Wakapiga makofi. Bibi mmoja akapiga kigelegele. Nikajua nimefanya vizuri.

Jioni tukashuka, na kabla hatujafika mjini kile kijiti kilikuwa kimerudi. Jumapili nzima nilishinda nimeshika shavu. Jumatatu asubuhi, kabla shangazi hajapasha mafuta, nilikwenda kwenye zahanati moja pale mjini.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye muda, kitu ambacho si cha kawaida Jumatatu. Akachungulia sikio kwa kile kifaa chenye taa, akauliza, "Ulisafiri?" Nikamwambia. "Ukiwa na mafua?" Nikamwambia. "Na ulilala?" Nikanyamaza.

Akachora nyuma ya kadi yangu. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kina mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Mrija huo muda mwingi umefunga. Unafunguka tunapomeza au kupiga miayo. Ndani ya ndege hewa hupunguzwa mgandamizo, mwili ukawa kama uko kati ya mita 1,800 na 2,400 kutoka usawa wa bahari. "Kwa hesabu ya sikio lako," akasema, "ulikuwa umekaa langoni Marangu, au juu yake." Ndege ikipanda, hewa ya chumbani inatanuka na kujitoa yenyewe, ndiyo maana watu wengi kupanda hakuwasumbui. Shida ni kushuka. Hewa ya nje inazidi uzito, inasukuma kiwambo kiingie ndani, na mrija hauruhusu hewa iingie kirahisi, unapaswa kufunguliwa. Mtu aliyelala hamezi mate mara kwa mara. Mwenye mafua, mrija umevimba. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Lile dole gumba juu ya jicho nalo ni hadithi hiyo hiyo: mifupa ya paji la uso ina vyumba vyake vya hewa, navyo vina vijitundu vya kupumulia puani, kamasi zikiziba, hewa inanaswa ndani. Damu ilitoka huko.

Nikamwuliza habari ya Kibosho. Akafurahi, nadhani hakuwahi kuulizwa. "Sikio lako lilibaki na hewa ya kule juu. Ulipopanda Kibosho, uliifuata hewa yako."

Kiwambo kilikuwa chekundu, kimevutwa ndani, lakini hakijatoboka. Aliposikia habari ya mafuta na kitunguu saumu akaomba nimsalimie shangazi na nimweleze kwamba kingekuwa na tundu, yale mafuta yangeingia yasikotakiwa. Na ule msukumo wangu wa kupuliza puto akausema vibaya. Kama ni kuziba pua na kusukuma, iwe polepole, kidogo kidogo, mapema, kabla maumivu hayajaanza. Sikio likikataa, uliache. Au uzibe pua umeze mate, hiyo ni salama zaidi. Mwenye mafua na asiyeweza kuahirisha, apulizie dawa ya kuzibua pua nusu saa hivi kabla ndege haijaanza kushuka, na asiizoee, maana ikitumika siku nyingi mfululizo pua inaziba zaidi ya mwanzo. Hayo nayafuata mpaka leo, na nikisafiri ninamwomba jirani aniamshe, hata kama simjui. Watu huwa wanakubali. Mmoja alinifinya.

"Tiketi ya kurudi ni lini?" daktari akauliza.

"Kesho."

"Kwa ndege? Hapana. Kuja huku ulishuka mpaka KIA tu, na KIA yenyewe iko karibu mita 900 juu ya bahari. Ukienda Dar unashuka mpaka baharini. Kama uliumia kwenye nusu ya ngazi, je, ngazi nzima?"

Hiyo sikuwahi kuifikiria. Tiketi ilikwenda na maji. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye basi, siti ya dirishani, na chupa kubwa ya maji. Basi nalo linashuka, alishanieleza, lakini linashuka kwa saa kumi kile ambacho ndege inakimaliza kwa dakika ishirini, na sikio lililochoka linapata muda wa kujadiliana. Nilikunywa funda moja moja. Same ikapita. Mombo tukala chipsi na kuku, mbio mbio kama kawaida, huku kondakta anapiga honi. Filamu ya basini ilikuwa na mwanamke anayelia tangu Moshi, mimi nikiipata kwa sikio moja, ambayo kwa filamu ile ilitosha.

Tulikuwa tumeshapita Korogwe simu ilipoita. Siku nne nilikuwa napokea kwa sikio la kushoto. Safari hii, sijui kwa nini, nikaipeleka kulia, mazoea ya zamani. Nilikuwa nimetoka kupiga miayo. Kitu kikabofya ndani, laini tu, kama kifuniko cha chupa ya soda iliyoisha gesi, na sauti ya mdogo wangu ikaingia nzima, karibu mno, na nyuma yake nikasikia kuku wa shangazi.

"Kaka, unanisikia?"

"Nakusikia! Nakusikia vizuri kabisa!"

"Sasa wazee wa Kibosho wamepiga simu. Wanauliza, yule beberu wa bibi, utamleta tarehe ngapi?"

"Beberu gani?"

"Si uliahidi mbele ya watu? Kwamba utampeleka wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kabla ya Krismasi, ukimvuta kwa kamba kutoka barabarani mpaka kwa bibi. Wamesema hawajawahi kuona kaka mkubwa anakubali haraka namna ile."