Bibi, mjomba na treni ya Jumamosi

Jana binti yangu kaja na homuweki ya Kiingereza, anatakiwa atunge sentensi kwa kutumia expect, akaniuliza mama, si ndo kusubiri hii? Sikumjibu hapohapo. Akili ilishaenda Tabora kwa bibi, wakati wa zile mvua za El Niño, 1997 inaelekea kuisha.

Nilikuwa na mjomba Dar, mtoto wa bibi, ndo aliyekuwa ananiandikia barua kwa Kiingereza kitupu ili nikizoee, maana nilikuwa ndo namaliza kidato cha kwanza. Barua ya safari hiyo ilikuwa fupi, salamu, habari za kazi, halafu chini kabisa, Expect me on Saturday. Bibi akataka nimsomee. Nikamwambia bibi, anasema tumtarajie Jumamosi.

"Anakuja, au anatarajia kuja?"

Darasani tulishafundishwa kwamba wait lazima ifuatwe na for, wait for me, ila expect haitaki kitu hapo katikati, ukiandika expect for me maksi imeenda. Hilo nilikuwa nalijua vizuri tu, ila swali la bibi halikuwemo kwenye daftari. Nikasema anakuja, ana uhakika, ndo maana kaandika hivyo. Basi, jogoo akachaguliwa, matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, yakawekwa pembeni kwa ajili yake.

Jumamosi tukaenda stesheni na mvua yetu, bibi kajifunika khanga kichwani. Reli imefika Tabora tangu 1912, watu wa pale treni ikichelewa hawashtuki, siku hiyo walikuwa wamejaa, watoto wamelala juu ya magunia, kina mama wanauza chai. Ukutani kulikuwa na ubao mweusi ambao stesheni masta alikuwa anaujaza kwa chaki, vichwa vya safu zake vimechorwa kwa rangi, kwa Kiingereza. Bibi akanishika mkono akasema nisomee. Nikautafuta mstari wa treni ya Dar. Kwenye safu ya Expected hapakuwa na saa. Palikuwa na ukungu wa chaki, mtu kafuta kwa kiganja, mpaka michirizi ya vidole unaiona, yaani saa iliandikwa halafu ikaondolewa, na juu yake neno lilelile la kwenye barua ya mjomba, limebaki limeandikwa vizuri kabisa. Nikawa naliangalia tu. Bibi akasema soma basi, mama. Nikasema bibi, wanaitarajia, ila hawajaandika saa.

Akaenda kwa stesheni masta mwenyewe. Yule baba akavua kofia, "Shikamoo mama. Maji yamebeba tuta huko Kilosa, reli imekatika. Treni hakuna."

"Marahaba baba."

Akarudi akakaa kwenye benchi. Akasema tusubiri kidogo. Tulikaa mpaka giza likaingia.

Siku zile redioni kila saa ni mvua kubwa zinatarajiwa, na bibi alikuwa hapendi kabisa, anasema mvua ya kubomoa nyumba mtu haitarajii, anaiogopa. Nimekuja kuona alikuwa na hoja. Kwa Kiingereza unaweza uka-expect mgeni na uka-expect mafuriko kwa neno hilohilo, kinachotakiwa ni uwe na sababu ya kuamini kitatokea, ukipenda usipende. Kutarajia kwetu, angalau kwa watu wa umri wa bibi, kuna kutaka ndani yake.

Mjomba alikuja kufika baadaye sana, malori na mabasi kupitia Singida, suruali tope mpaka magotini. Jogoo tulishamla. Usiku tunakula akaanza kunifundisha, unajua pale stesheni mlipoambiwa reli imekatika hamkuwa mna-expect tena, mlikuwa mnasubiri tu, wait, maana expect lazima iwe na sababu. Bibi akaacha kula.

"Sababu nilikuwa nayo. Si uliandika mwenyewe?"

Mjomba akasema sawa mama, lakini reli ilikuwa imekatika, bibi akasema reli ndo iliyokatika, wakabishana hivyo mpaka mboga ikapoa na hakuna aliyemshinda mwenzake. Kamusi zote nilizofungua tangu siku hiyo ziko upande wa mjomba. Mimi niko upande wa bibi, na sijui hilo ningelielezaje kwenye mtihani.