Sindano 28 tumboni mwangu

Nilipobadilishwa nyonga nilijiandaa kwa maumivu ya kidonda na kujifunza kutembea upya. Sikujua kwamba nitarudi nyumbani na boksi la sirinji za enoksaparini, dawa ya kuzuia damu isigande, miligramu 40 kila moja, nijichome mwenyewe kila siku kwa siku 28. Daktari alinieleza kuwa baada ya upasuaji kama huu damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu hata wiki kadhaa baadaye, na bonge likichomoka likafika kwenye mapafu linaweza kuua. Sikubishana.

Siku za mwanzo nilikosea. Nilikiona kiputo cha hewa ndani ya sirinji nikakitoa, kama nilivyozoea kuona kwenye sindano nyingine, na tone la dawa likamwagika. Kumbe kwenye hizi zilizojazwa tayari kiputo huachwa: sindano ikielekea chini, hewa inapanda na kuisukuma dawa yote iingie. Halafu kila nikimaliza nilisugua. Tumbo likavilia damu, madoa ya zambarau makubwa kama sarafu. Nesi alipoyaona akasema, "Mama, usisugue. Bonyeza kidogo na pamba, basi."

Tangu hapo, saa 2 usiku nanawa mikono, naegemea mito tumbo lilegee. Nachagua mahali, si chini ya sentimita 5 kutoka kitovuni, leo kulia, kesho kushoto. Nafinya ngozi pamoja na mafuta yake, naingiza sindano wima hadi mwisho, nasukuma polepole. Ule mkunjo siuachii mpaka sindano itoke. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote, maana dawa ikianza kuwasha vidole vinataka kuachia vyenyewe. Sirinji iliyotumika naitia kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, bila kurudisha kifuniko chake.

Usiku mmoja nilipitiwa na usingizi, nikashtuka saa 7. Nilichoma moja, na kesho yake moja tu kwa saa yake. Kuchoma mbili kwa pamoja ili kufidia ni kujitafutia kutokwa damu.

Kilichonitisha zaidi ni vidonge. Nyonga ilipouma, mtu wa nyumbani aliniletea diklofenaki, dawa niliyokuwa nikiimeza miaka yote. Nilikuwa nimeshaiweka mkononi. Nikapiga simu kwanza, nikaambiwa nitumie parasetamoli: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zikikutana na sindano hii, damu inaweza kutoka tumboni usijue. Ndiyo maana nilikuwa nakagua choo kama kimekuwa cheusi kama lami, na mkojo kama una wekundu. Nilijua pia kwamba nikianguka na kujigonga kichwa naenda hospitali, hata nikijisikia mzima. Damu nayo walinipima, kwa sababu dawa za jamii hii zinaweza kushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda.

Siku ya 19 shavu la mguu uliofanyiwa upasuaji lilijaa. Nikalipima kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 3 zaidi ya mwenzake. Sikungoja kukuche. Walinipiga ultrasaundi kutoka kinenani hadi chini ya goti, mishipa ikaonekana haina bonge. Ulikuwa uvimbe wa upasuaji wenyewe. Daktari akaniambia niendelee na sindano zangu 9 zilizobaki.