Msingi, asasi na kijiwe

Fundi wa Bagamoyo akisema msingi, anawaza mtaro na mawe. Asasi, kutoka Kiarabu asās, nayo ilikuwa msingi wa nyumba. Siku hizi imehamia maofisini kwenye mihuri. Jiwe ni la Kibantu: shina ni -we tu, fupi mno kusimama peke yake, ndiyo maana likabebeshwa ji-. Wingi mawe, na kijiwe ndipo bodaboda wanapokaa.

Kwenye mawe ya kujengea, tumbawe ndilo lenye mambo. Likitoka baharini ni laini, linachongeka, likikauka linakaza. Nendeni Kaole, kwenye magofu karibu na Bagamoyo, mkatazame vitundu vyake ukutani. Ila ukuta kama huo wa chokaa usiupige lipu ya saruji, jamani! Unyevu na chumvi hunasa ndani, lipu inavimba, inabanduka vipande vipande.