Leo nimemfuata kijana niliyemfundisha kazi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeamka nikiwa tayari nahesabu. Sketi 30 za bluu za shule, zenye marinda. Zilizokwisha ni 4. Shule zinafunguliwa Jumatatu na leo ni Alhamisi.

Saa mbili asubuhi. Nimefungua fremu yangu hapa Mbagala, na hata buibui sijavua nikaenda moja kwa moja kwenye cherehani ya umeme. Ni ya mtumba, ya kiwandani, nimeinunua kwa mkopo wa kikoba. Tangu sindano ivunjike juzi nikaweka mpya, inaruka mshono. Inashika mishono mitatu, inaacha miwili. Ukivuta ncha ya uzi, mshono wote unafumuka mkononi. Nimeshabadilisha uzi, nimesafisha nyumba ya bobini kwa brashi, nimekaza, nimelegeza. Leo nimerudia yote tena, na imeruka vilevile.

Saa tano. Nimehamia kwenye cherehani yangu ya mguu, ile niliyoanza nayo miaka 18 iliyopita. Marinda ya kitambaa kizito yanaielemea, na goti langu la kulia limeanza kuvimba. Mama mwenye oda akapita kuulizia. Nikamwambia zinaendelea vizuri. Nilipomdanganya hivyo, moyo uliniuma.

Maana mtu wa kunisaidia nilikuwa namjua. Siku hizi yuko fremu ya tatu kutoka kwangu. Alikuja kwangu hajui hata kutunga uzi, nikamfundisha kupima, kukata, kupiga pasi. Baada ya miaka miwili akaaga, anakwenda kushona kiwandani, ambako cherehani zote ni za aina hii yangu. Siku hiyo, mbele ya wateja, nilimwambia hatafika popote. Hajawahi kunikumbusha. Lakini mimi sijasahau, na jana jirani aliponiambia, "Si umwite yule kijana wako?" nilimjibu kwa ukali hadi akanyamaza.

Saa saba mchana. Mama lishe kaleta wali maharage, haukupita kooni. Nikafunika sahani, nikanyanyuka. Ni hatua chache tu, lakini nilisimama mara mbili njiani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mashine imenishinda. Naomba uje unitazamie."

Aliacha suruali ya mtu juu ya meza, akaja na futi yake shingoni. Hakugusa kitu kingine, aliilegeza sindano tu, akaichomoa, akaipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba. "Shika hapa, mama. Unausikia mfereji?" Nikausikia, mrefu, upande mmoja. Sindano za cherehani ya nyumbani zina ubapa kwenye shina, sehemu ya juu inayobanwa, zenyewe zinakuonyesha zikae vipi. Za kiwandani shina ni la duara, zinaingia vyovyote utakavyo. Mfereji ule mrefu unatakiwa utazame kushoto, unakoingilia uzi, na sindano isukumwe mpaka igote juu. Mimi niliuelekeza mbele. Akaikaza, akakanyaga. Mshono ukatoka mmoja baada ya mwingine, umenyooka kama umechorwa kwa rula.

Siku tatu zangu zilikuwa zimeishia hapo, kwenye mfereji mwembamba kama unywele.

Nikamwambia, "Yale maneno niliyokwambia siku ile, nisamehe." Aliinamisha macho. "Yalishapita, mama." Kisha akatazama rundo la vitambaa. "Nipe kumi nikushonee."

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kote. Kuonyeshwa sindano ni jambo moja. Kugawa oda yangu ni kukiri mbele ya mtaa kwamba siimalizi peke yangu. "Hapana, nitaweza" ilikuwa tayari ulimini. Nikaimeza. Nikahesabu sketi kumi zilizokatwa, na zipu zake, nikamwekea mikononi, nikamwambia hela ya ufundi ya hizo kumi ni yake yote.

Saa kumi na mbili jioni. Zimefika 11 kwangu. Mama mwenye oda nimempigia simu, nimemwambia ukweli: nilikwama, sasa tunashona wawili, Jumapili zitakuwa tayari. Akasema, "Mbona hukusema mapema? Ningekuletea binti yangu akusaidie kupiga pasi."

Saa mbili usiku. Nimefunga fremu, nikapita kwake. Bado taa inawaka, yuko kwenye sketi ya nne. Nikavuta stuli, nikaichukua ya tano mezani, nikaanza kumkunjia marinda.