Mzuri au Mwema?

Jambiani, Unguja, usiku, baada ya Isha. Kusi imetulia, bahari imekupwa mbali, na nina jambo limenikaa kifuani tangu mchana.

Shangazi yangu ana vyumba vinne vya wageni hapa pwani. Kiingereza hajui, lakini daftari la wageni analitunza kama hati ya shamba. Kila nikija kutoka mjini huniwekea barazani pamoja na chai ya mchaichai, nimsomee walioondoka wameacha maneno gani. Mimi nasoma, yeye anasuka ukili na kusikiliza.

Leo nilisoma kurasa sita. Chakula “nice”. Chumba “nice”. Ufukwe “nice”. Watu “very nice”. Nikawa natafsiri kizuri, mzuri, wazuri, nabadilisha viambishi tu. Akauweka ukili chini.

“Mwanangu, hawa wote wameandika neno moja?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Pweza wangu na kitanda, neno moja?”

Sikuwa na jibu, nikaendelea. Bwana mmoja alikuwa ameandika kwamba msichana anayesafisha vyumba ni “nice”. Nikasema, “Anasema msichana wa vyumbani ni mzuri.” Shangazi akanyamaza. Msichana huyo ni bintiye wa mwisho, na mwaka huu anamaliza skuli.

“Mzuri kamtazama nini?”

Nilisikia mwili wote unanichoma. Kosa lilikuwa langu, si la yule bwana. Huku kwetu ukisema msichana mzuri, anayekusikia huiona sura kwanza, macho, umbo, mwendo. Ukitaka moyo wake useme mwema, au muungwana, au mwenye huruma. Nikasoma mstari wa chini, ambao ningepaswa kuusoma kabla ya kufungua mdomo: alipoumwa tumbo usiku, binti alimpelekea chai ya tangawizi, na asubuhi akaenda tena kumjulia hali. “Basi ni mwema,” shangazi akasema. “Hilo nimemlea mimi.” Akaokota ukili wake.

Tangu hapo nimelifikiria neno hili la Kiingereza, “nice”. Asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua. Katika Kifaransa cha kale likawa mjinga, na lilipoingia Kiingereza karibu na mwaka 1300 lilikuwa tusi. Likahama polepole: mtu wa kujidekeza, mchaguzi asiyeridhika upesi, kisha mtu anayepima mambo kwa makini. Hadi leo Waingereza wanaposema “a nice distinction” wanakusudia tofauti ndogo sana inayotaka jicho kali. Ilikuwa karne ya 18 ndipo maana ya kupendeza iliposhika, ikazifunika nyingine. Hapo ndipo ninapoumia. Neno lililowahi kulisifu jicho la kutofautisha, sasa linawaweka pweza na kitanda na mtoto wa watu sahani moja.

Na si shangazi wa kwanza kulilalamikia. Katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817 miezi michache baada ya yeye kufariki, Henry Tilney anamtania msichana kwa neno hilihili: siku ni nice, matembezi ni nice, na nyinyi wasichana wawili ni nice. Nilipomsimulia shangazi alifurahi kuwa kuna Mzungu aliyeliona.

Nilimweleza pia ile safari ya kutoka ujinga hadi sifa, nikidhani atashangaa. Hakushangaa. Alinionyesha kwa kidole vijana waliokuwa wakipita ufukweni, mmoja anauliza “Mambo?” na mwenzake anajibu “Poa!” Kwa shangazi chai iliyopoa hapewi mgeni, na wali uliopoa hupashwa. Kwa wale vijana poa ndiyo heri yote. Yeye mwenyewe ukimuuliza habari hujibu “njema”, na mjukuu akijibu “nzuri” humrekebisha: hali haiwi nzuri, hali huwa njema, kwa kuwa hali haionekani kwa macho. Ndiyo maana, nadhani, tunatakiana siku njema, safari njema na usiku mwema, na kwa sikio la shangazi usiku mzuri haukai sawasawa.

Basi tukarudi ukurasa wa kwanza. Pweza akawa mtamu, mchuzi wa nazi umekolea. Upepo wa jioni nikauita mwanana, na hapo shangazi akatabasamu, maana ni neno la mama yake. Gauni alilovaa siku ya Idi, ambalo mama mmoja alilitaja, likawa maridadi. Mazungumzo ya barazani yakawa murua. Kwenye “watu” nilikwama kabisa: wakarimu? wachangamfu? wakunjufu? Kila nilipochagua nilijua kwamba neno ni langu na si la mgeni. Yeye alinipa mfuko uliofungwa, mimi nikawa nasema kilichomo bila kuufungua. Kutafsiri kwa namna hii kunatisha, hasa ukiwa na mtu anayeamini kila unachomwambia.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja tu, mwandiko mdogo, bila jina. “It was nice.”

“Huyu nini kilimpendeza?” shangazi akauliza.

Nilitaka kusema palimpendeza, nikajizuia. Chakula hakukitaja, wala watu, wala bahari. Nikamwambia kwamba hapa sioni.

“Chumba gani?”

Nikatazama namba. Ni cha pembeni, karibu na mwembe, na mgeni alikuwa bado hajaondoka, gari lake lilikuwa la saa kumi. “Kamuulize,” akasema, kama jambo rahisi.

Nikaenda. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa anafunga begi. Nilipomuuliza “nice” yake ni ipi alisimama muda mrefu akiangalia nje. Halafu akasema kwamba mkewe alifariki mwaka jana, na tangu hapo hajalala usiku mzima hata mara moja. Hapa amelala siku tano, kutoka Isha mpaka adhana ya alfajiri.

Nikarudi barazani nikamwambia shangazi. Alikaa kimya, kisha akanipa penseli ya hesabu zake.

“Andika hapo pembeni: alipata usingizi.”

Nikaandika. Akaingia jikoni kumfungia mkate wa kumimina wa njiani.